Kompyuta Iliyokataa Wake za Watu

Mjukuu wangu Moraa alikuja nyumbani Desemba, akaketi jikoni kwangu na kompyuta yake kwa magoti, akaanza kuitukana. Nikamwambia, mama, usitukane kitu hakijibu, utapata vidonda vya tumbo. Shida ni nini?

"Magokoro, nyanya yangu, huwezi elewa."

"Jaribu. Nimezaa saba, kuna kitu nimekosa kuelewa?"

Basi akanieleza polepole, kama mtu anapoza uji wa mtoto. Ati anatengeneza programu ya kuweka watu na vitu vyao. Ati hiyo programu iko na kanuni yake ya majina. Wewe ukiita kitu jina fulani hapa, yenyewe inajitungia jina la kwenda kukitafuta huko kwa stoo. Ikikosa hilo jina haiulizi jirani, haingoji. Inasema tu hakuna.

"Na kitu kiko hapo, Magokoro! Nakiona na macho yangu!"

Nilicheka mpaka nikashika kifua. Moraa alifikiri nimeugua. Kumbe nilikuwa nimekumbuka kule Ekerenyo, na ile kompyuta ya chama chetu cha maziwa, na ng'ombe zilikuwa zinasimama mbele ya dirisha zikilia na kompyuta inasema hakuna. Huo ugonjwa, watoto wangu, naujua. Nimefanya kazi nao. Sogeeni.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili, mvua ikabomoa darasa, na kabla walijenga lingine nilikuwa nimeshaolewa. Kwa chama nilianza na kuosha madebe. Halafu wakaona naongea sana na ng'ombe zinanisikia, wakanipeleka kwa krashi, ile njia nyembamba ya miti ng'ombe inaingia isigeuke wakati wa kutibiwa. Kazi yangu ilikuwa kushika mkia na kubembeleza. Msicheke. Ng'ombe ikiogopa haishiki mimba. Unaikwaruza pale chini ya mkia, unaiambia maneno mazuri, na daktari anafanya kazi yake bila kupigwa teke.

Daktari wetu alikuwa Onchiri. Hakuwa daktari wa vitabu vingi, alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe na mirija ya mbegu za madume. Alikuja na pikipiki na mtungi wa baridi ile inatoa moshi, na glavu ya plastiki inafika begani. Watoto walimwogopa kuliko polisi.

Yeye ndiye alinifundisha kuangalia joto, ile ng'ombe inakuwa nayo ikitaka ndume. Alisema, "Mama Bosibori, kila ng'ombe inalia. Ya njaa inaangalia wewe. Ya joto inaangalia mbali." Mpaka leo hiyo ni kweli. Halafu uangalie nyuma, utaona ute mwembamba unaning'inia kama wa yai. Ukiona hivyo asubuhi, lete ng'ombe jioni. Ukiona jioni, lete asubuhi. Ukichelewa hapo, ni kungoja wiki tatu tena. Joto haina rafiki.

Sasa miaka hiyo ya tisini, kuelekea mwisho, wafadhili wakatuletea kompyuta. Nyeupe, kubwa, na kichwa kama televisheni. Ikawekwa kwa ofisi karibu na mzani wa maziwa, ikafunikwa na kitambaa cha maua, na ikaja na msichana wa kuiendesha. Aliitwa Wanza. Mkamba kutoka Machakos, mwembamba, mwenye kicheko. Ekegusii hakujua hata neno la maji, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, yeye yake nzuri na mimi yangu hii. Tulipendana kutoka siku ya kwanza. Nilimletea ndizi, na yeye akaniruhusu kugusa ile kitu wanaita mausi. Nilishika kama kifaranga.

Wanza aliniambia kazi ya mashine. Mirija ya Onchiri ilikuwa imetoka kwa madume wachache. Ukipandisha ng'ombe na mrija wa baba yake mwenyewe, unapata ndama mbaya. Zamani Onchiri aliweka yote kwa kichwa, na kichwa chake kilikuwa kinazeeka. Sasa mashine itakumbuka. Kila ng'ombe iwe na jina, na jina liwe na kanuni: jina la mwenye boma, halafu namba. Nyakundi moja, Nyakundi mbili. Mtu akileta ng'ombe, Wanza anauliza kwa dirisha, "Boma la nani?" Anaambiwa, anabonyeza, mashine inaleta. Kamati ikapitisha: mashine isipoleta, Onchiri asifungue mtungi.

Wazee walilalamika kidogo. Mmoja alisema, "Kwa hivyo mimi nitakuwa ng'ombe namba ngapi?" Lakini walizoea. Mtu akawa anajivuna, "Mimi nimefika tisa!"

Makosa ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha tu. Kuna mzee alikufa, kijana wake akashika boma. Wanza akabadilisha jina kwa faili ya maboma, akanywa chai, akarudi. Kumbe kulikuwa na faili ingine, ya kupandisha, na huko mzee bado alikuwa hai! Kijana akaleta ng'ombe yake, mama ya ndama nne, mashine ikasema haijawahi kuona ndume.

Onchiri akauliza, "Na hii ndama inanyonya imetoka wapi?"

Nikasema, "Onchiri, nyamaza. Hii ng'ombe ni kama yule bikira wa kwenye Biblia."

Wanza alicheka mpaka akatoka nje. Lakini alijifunza, na mimi nikajifunza kwa sababu aliniambia: jina ni kama mzizi wa kikuyu, hii nyasi ya ng'ombe. Ukibadilisha hapa na usibadilishe pale limejificha, litachipuka lenyewe. Moraa nilipomwambia hivyo aliacha kuandika akaniangalia.

Sasa nije kwa ile kubwa.

Ilianza polepole. Mtu analeta ng'ombe, Wanza anauliza boma, anaambiwa, mashine inasema hakuna. Leo mmoja, kesho wawili. Wanza anauliza, "Una hakika uliandikisha?" Mtu anasema ndiyo, mume wangu aliandikisha. Wanza anatafuta tena. Hakuna. Mtu anavuta ng'ombe anarudi nyumbani, na joto inapita.

Wanza alikonda. Alifikiri ni mashine. Akaita fundi kutoka duka la Mhindi huko Kisii mjini, kijana wa Kihindi mwenye adabu, akaja na mkoba, akaifungua, akapuliza vumbi, akatoa mende mmoja. Akasema, "Mashine hana ugonjwa. Jina unapea yeye si jina iko ndani." Akanywa maziwa kikombe kizima, akaenda.

Wanza akasema, "Magokoro, kwani watu wa hapa wanasahau wanakaa kwa nani?"

Kati ya hao waliokataliwa kulikuwa na msichana mmoja. Anaitwa Kwamboka, lakini jina lake nilikuja kujua baadaye, ngojeni. Alikuwa ameolewa karibuni upande wa Ikonge huko kwa majani chai, mume alikuwa anafanya kazi mbali. Alikuwa na ng'ombe moja ndogo nyeusi yenye kiatu cheupe kwa mguu mmoja. Mtamba, haujazaa. Ulitoka kwao. Baba yake alimpa akisema mtoto wangu asiende kuomba maziwa kwa watu.

Alikuja mara ya kwanza, Wanza akauliza boma, akataja jina. Hakuna. Akaja joto lingine, akataja jina ingine kabisa! Hakuna. Mimi niliona nikasema labda huyu mtoto ana woga wa mashine.

Hiyo mara ya pili nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa analia bila sauti, unajua vile msichana mgeni analia, machozi inateremka na uso umetulia.

"Magokoro, nyumbani wanasema ni tasa. Mama mkwe amesema ikirudi tena bila kupandishwa, wanaipeleka Magwagwa kwa mchinjaji. Ati tasa inamaliza nyasi bure."

"Si tasa. Haijajaribiwa!"

"Nimewaambia. Wanasema ya kwetu zote ziko hivyo."

Aliposema hivyo alishika tumbo lake bila kujua. Nikaelewa. Yeye pia alikuwa hajapata. Watu walikuwa wanahesabu wawili kwa sentensi moja. Hiyo ng'ombe ikienda kwa mchinjaji, yeye mwenyewe atabaki hapo nyumbani kama nani?

Nilirudi kwa Wanza nikamwambia, wacha ndizi, tufikirie.

Tulikaa siku nzima kwa dirisha tukiangalia watu. Wazee wakaja, mashine ikaleta. Wanawake wa rika langu wakaja, ikaleta. Hata msichana mdogo wa shule akatumwa, ikaleta. Halafu akaja mwanamke na mtoto mgongoni: hakuna. Mwingine wa kanga mpya: hakuna.

Wanza akageuka na kiti. "Magokoro. Mashine inachukia wake za watu."

"Wake za watu wote?"

"Vijana tu."

Nikafungua mdomo nicheke, ukabaki wazi. Ooh! Watoto wangu, nilijigonga paji la uso. Nikasema, "Wanza, mama, wewe unauliza hao wasichana wakuambie nini?"

"Jina la mwenye boma."

"Na mwenye boma ni nani yake?"

"Baba mkwe, nafikiri."

"Sasa atalitaja aje?"

Hakuelewa, na si makosa yake. Sisi Abagusii tuko na kitu kinaitwa ensoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima, na kwa mke wa mtoto na baba mkwe ndiyo kali zaidi. Jina lake mke hataji. Hasimami naye karibu, haingii anapolala, na mambo ya kuzaa na kupandana hayasemwi wote wawili wakisikia, hata kama ni ya kuku. Na sisi tulikuwa tumeweka dirisha, tukamwambia msichana wa watu apige kelele jina la baba mkwe mbele ya foleni, na ati ndilo jina la ng'ombe, na ng'ombe yenyewe inataka ndume! Kwa nini asitaje jina la baba yake mzazi, au la daraja, au la jirani?

Wanza aliuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi hao wazee nimewaona wakichunga mbuzi bila kaptula. Nilishasahau kuna mtu hawezi kuwataja."

Akaweka kichwa kwa meza akacheka, halafu akakiinua. "Magokoro, kuna yule wa ng'ombe nyeusi. Boma lake ni lipi?"

Sikujua. Ikonge ina maboma kama chawa kwa blanketi, na yeye hakuwa ametaja hata moja la kweli.

Wiki tatu zikaisha. Ilikuwa asubuhi ya umande, watu wako kwa foleni ya maziwa, Onchiri amefunga mtungi kwa pikipiki anataka kwenda Magwagwa. Tukasikia ng'ombe inalia barabarani, kilio kirefu, inaangalia mbali. Nikajua. Kwamboka akatokea anavutwa, ng'ombe ndiyo inamleta. Imepanda ng'ombe za watu njiani, kamba imemchubua mikono.

Akafika kwa dirisha akashusha macho. Wanza akatoa kichwa, hakuuliza boma tena, akaniita mimi.

Nikamwambia polepole, "Mama, najua kwa nini husemi. Sikuulizi jina. Nionyeshe njia tu, ni karibu na nini?"

Alikuwa amekauka kama mti. Nikafuata macho yake vile yalikimbia, na huko kwa foleni nikaona mzee mmoja mrefu na debe lake, alikuwa anaongea vizuri na wenzake, sasa amegeuka ghafla. Akaenda nyuma ya nguzo ya mabati. Nguzo nyembamba, mzee mpana! Amejificha nusu, nusu iko nje na debe.

Ni Nyakundi. Baba mkwe wake huyo.

Wako hapo wawili, hatua chache katikati yao, na ng'ombe inalia katikati. Msichana hawezi kutaja jina lake. Na yeye mzee, hata kama anajua kila kitu, hawezi kusema mbele ya mke wa mtoto wake kwamba ng'ombe inataka ndume. Onchiri anapiga pikipiki teke iwake. "Mama Bosibori, naenda au naketi?"

"Ukienda nitakulaani kwa hiyo glavu. Keti!"

Jina ningelitaja mimi, lakini si boma langu, lazima mwenyewe aniruhusu. Nikazunguka nyuma ya mabati. Nikamsalimu, Bwakire, Nyakundi. Akaitikia, Bwakire buya. Anaangalia milima ya chai kama mtu anaiona mara ya kwanza.

"Nyakundi, kuna mtu hapa anahitaji jina lako."

"Jina langu limefanya nini?"

"Limekosa mdomo wa kulisema."

Akakohoa. "Ng'ombe ya nani hiyo inalia?"

"Si unaijua? Iko na ile shida."

"Shida gani?"

"Ile wewe ulikuwa nayo ukioa bibi wa kwanza."

"We mama! Punguza sauti!" Debe likayumba, maziwa ikamwagika kidogo kwa kiatu. Mimi ni rika ya kuchekeshana naye, hawezi kunifanya kitu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nyumbani wanasema ni tasa."

"Tasa inapanda ng'ombe za watu barabarani? Imekuja hapa mara tatu sasa, mara mbili imerudishwa kwa sababu huyu mke wa mtoto wako, mwenye adabu, alikataa kukutaja kwa foleni. Ungetaka akutaje?"

Nilimwona mzee anahesabu ndani, siku zile, na maneno ya jikoni, na huyo msichana anapita uani kila asubuhi akiinama. Nikafikiri atasema hiyo si kazi yangu.

Akasema, "Mwambie huyo wa mashine aandike. Lakini si jina langu."

"La nani?"

"Hiyo ng'ombe ilitoka kwao. Haikutoka kwa mahari yangu wala kwa zizi langu. Kijana wangu aliandika Nyakundi kwa sababu mlitaka Nyakundi. Ifuteni. Iandikwe kwa jina la mwenyewe. Yeye ni nyumba kamili."

Watoto, mnajua hiyo maneno? Kwetu mke anaitwa nyumba akishazaa. Kabla hapo yuko kwa jiko la mama mkwe, anaota moto wa mwingine. Na huyu mzee nyuma ya mabati, na maziwa kwa kiatu, alikuwa anampa nyumba.

Nilikimbia. Mimi na hizi miguu! "Wanza, fungua boma mpya!"

"La nani?"

"La..." Nikageuka, nikakimbia tena. "Nyakundi, anaitwa nani?"

Mzee akaangalia milima. Ooh, hata yeye hawezi kumtaja! Nikarudi tena kwa msichana, pumzi imeniishia.

"Mama, wewe unaitwa nani?"

"Mimi?" Alishangaa kama hajawahi kuulizwa. "Kwamboka."

"Jina la baba yako?"

Hilo la baba yake mzazi alilisema vizuri, kwa sauti, akaongeza la babu na hakuna mtu alimuuliza.

Wanza akaandika. Mashine ikakataa kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameifundisha mwenye boma ni mwanaume. Nikasikia anaisema kwa Kikamba maneno sitaki kujua. Akarudi nyuma, akafungua mahali pa kanuni, akatoa hiyo kanuni. Halafu akaenda kwa faili ya maboma akabadilisha, kwa faili ya ng'ombe akabadilisha, kwa ile ya kupandisha akabadilisha, anahesabu kwa vidole asisahau pahali. Stima ikazima kidogo ikarudi. Hapo nilisali. Halafu akabonyeza, na Kwamboka moja ikatokea kwa kioo, mtamba mweusi, hajapandishwa bado.

"Iko!" Wanza akapiga kelele kwa dirisha. "Magokoro, iko!"

Onchiri akavaa glavu. Mimi nikashika mkia nikakwaruza pale pake, nikaiambia maneno mazuri. Ilisimama imetulia kama mama mzungu kanisani.

Hiyo wiki tuliandika kanuni mpya tukabandika kwa ukuta. Ng'ombe iitwe kwa jina la yule anaiangalia, na dirishani kila mtu aseme jina lake mwenyewe. Mnaotengeneza hizo programu, hiyo ndiyo siri niko nayo, sina ingine. Kabla hujaweka kanuni ya jina, jiulize ni mdomo wa nani utalisema, na huyo mtu amesimama karibu na nani. Mashine haina ensoni. Wewe uwe nayo kwa niaba yake.

Lakini nimalize asubuhi hiyo. Kwamboka alifungua kamba, akaanza kurudi nyumbani na ng'ombe yake kwa barabara kubwa. Nyakundi alikuwa amemaliza kupima maziwa kitambo, debe ni tupu, na bado amesimama nyuma ya mabati. Nikamwuliza, "Nyakundi, huendi? Barabara si hiyo?"

"Wacha mwenye ng'ombe apite," akasema.

Halafu akaweka debe begani, akapanda juu kwa njia ya majani chai, ile ya mbali, umande unamfika kiunoni.